Upanga laini wa mazoezi: mwongozo wa kuutengeneza kwa vifaa vya Dar es Salaam

Anayejifunza mapigano ya kale ya upanga hapa Dar es Salaam hufika mahali akakwama. Miguu imeshazoea hatua, mapigo ameyarudia hewani mpaka bega limechoka, mwenzake wa mazoezi yupo, lakini hawana cha kupigania. Upanga butu wa chuma huagizwa kutoka nje, na hautumiki bila barakoa ya waya, glavu nene na koti la tabaka nyingi. Fimbo ya mti inapatikana kirahisi, ila inavunja vidole. Kinachobaki ni upanga laini: kiini kigumu kilichovishwa sponji na kushonewa kitambaa. Vifaa vyake vinapatikana Kariakoo, Karume na kwa mafundi wa mtaani kwako.

Panga laini nyingi zinazotengenezwa kienyeji hufuata njia ya mkato: bomba la maji, sponji ya duara, tepu kuanzia juu mpaka chini. Hilo ni rungu laini. Haliumizi sana, lakini linamharibu mwanafunzi, kwa sababu halina makali wala bapa, na mkono haujifunzi kuelekeza makali pale pigo linapokwenda. Tena uzito wake wote uko mbele. Upanga ninaoueleza hapa una bapa na makali yanayoonekana, uzito wake umevutwa kuelekea mkononi, na ncha yake haiwezi kuingia kwenye tundu la jicho. Kazi ni ya siku mbili, na muda mwingi unakwenda kwenye kusubiri gundi.

Wazo la kulainisha silaha ya mazoezi ni la zamani. Huko Japani, Kamiizumi Nobutsuna, bwana wa upanga wa karne ya 16, ndiye anayetajwa kuanzisha matumizi ya mwanzi uliopasuliwa na kuvishwa mfuko wa ngozi, ili wanafunzi wapigane kwa nguvu bila kuuana. Huko Ujerumani, mwalimu wa upanga Joachim Meyer alichapisha kitabu chake mwaka 1570, na ndani yake anafundisha kwa silaha fupi iliyopinda ya mazoezi. Meyer pia anaeleza kwamba Wajerumani wa wakati wake walikuwa wameacha kuchoma kwa ncha ya upanga mrefu katika mazoezi ya kirafiki. Walibaki na kukata tu. Nitalirudia jambo hili tukifika kwenye ncha.

Vipimo kwanza

Upanga wa mkono mmoja wa Ulaya ya Zama za Kati ulikuwa na urefu wa sentimita 90 hivi, uzito wa kilo moja au kuzidi kidogo. Huo ndio unaotufaa kuanza nao, hasa kwa wanaosoma hati ya I.33, ile ya karne ya 14 inayohifadhiwa kwenye makumbusho ya Royal Armouries mjini Leeds, Uingereza, inayofundisha upanga pamoja na ngao ndogo ya mkononi.

Tutagawa hivi. Kiini ni bomba la sentimita 84: sentimita 16 za mpini, 2 za kikingio cha mkono, na 66 za kuingia ndani ya ubao wa upanga, yaani sehemu ya kupigia. Sponji itazidi mwisho wa bomba kwa sentimita 6, kwa hiyo ubao wote ni sentimita 72 na upanga mzima ni 90. Ukiukata ubao kwa kupita katikati, upana ni milimita 70 kutoka makali hadi makali, unene milimita 40 kutoka bapa hadi bapa. Ni mnene kuliko chuma, hilo halikwepeki, lakini mkono utajua upande upi ni upi.

Anayetaka upanga mrefu wa mikono miwili, kama ule anaoufundisha Mwitaliano Fiore dei Liberi katika hati zake za mwanzoni mwa karne ya 15, aongeze mpaka sentimita 120, mpini ukiwa 25, na atumie kiini kinene zaidi kama nitakavyoeleza. Nakushauri usianze na huo. Urefu unaongeza kasi ya ncha na kasi ndiyo inayoumiza.

Kiini: bomba gani, au fimbo gani

Nenda duka la vifaa vya mabomba, uliza bomba la PVC la maji, la inchi nusu, lenye ukuta mnene. Kipenyo cha nje kiwe milimita 20 hivi, na ukuta usipungue milimita 2. Usikubali kuuziwa bomba jembamba la kupitishia nyaya za umeme. Linafanana kwa mbali, lakini ukilibonyeza kwa vidole utalihisi linalegea, na likipigwa mara mbili tatu linapasuka kwa vipande vyenye ncha. Bomba zima kwa kawaida lina mita 6, na hizo zinatoa viini 7 vya upanga wetu, basi mkichangishana watu saba mnanunua bomba moja.

Kwa upanga mrefu chukua bomba la robo tatu, au, bora zaidi kwa maoni yangu, henzirani ya unene wa milimita 25. Waulize mafundi wanaosuka viti vya henzirani. Sifa yake kubwa ni kwamba haivunjiki ghafla: inachanuka nyuzi polepole, na unaiona kabla haijawa hatari. Mwanzi uliokauka unapasuka kwa urefu na kutoa vijiti vikali, kwa hiyo mwanzi mzima usiutumie kabisa. Chuma ndani ya ubao, hata kama ni bomba jembamba la alumini, ni mwiko.

Sponji: hapa ndipo upanga unapofia

Usitumie sponji ya godoro. Ile ina matundu yaliyofunguka, hewa inatoka mara moja ikibanwa, na pigo linafika kwenye bomba kana kwamba hakuna kitu. Tunahitaji sponji ya matundu yaliyofungwa, kila kitundu kikiwa kimejishikilia hewa yake. Kipimo ni rahisi: kata kipande kidogo, kizamishe ndani ya maji, kikamue chini ya maji, halafu kiache. Kikinywa maji na kuzama, si chenyewe. Kikirudi juu kikiwa kikavu ndani, nunua.

Mkeka wa mazoezi ya viungo wa unene wa milimita 10 ndio bora. Mikeka ya sponji ya watoto, ile yenye meno ya kuunganishana inayouzwa Kariakoo, inafaa pia, ingawa ni migumu kidogo. Sponji nyeusi inayovishwa mabomba ya viyoyozi ni nzuri kwa kunyonya pigo na tayari ina tundu katikati, lakini ni ya duara, na tumeshasema duara linamnyima mwanafunzi makali. Ihifadhi kwa panga za watoto wadogo, ambao bado wanajifunza tu kutoogopa. Ndala kuukuu zitatumika pia: soli yake ni ngumu na haipasuki, inafaa kwa kikingio na kwa kuzuia bomba lisitoboe ncha.

Vingine vya kukusanya: gundi ya fundi viatu, ile ya kupaka pande mbili, tepu ya kitambaa au yenye nyuzi, vizibo viwili vya bomba pamoja na gundi yake ya mabomba, kipande cha nondo ya milimita 12 chenye urefu wa sentimita 12 (mafundi wa kuchomelea wana mabaki, mara nyingi watakupa bure na kukukatia), kamba ya pamba, ukanda wa tyubu ya baiskeli, na kitambaa kigumu cha pamba. Kwa kitambaa, suruali ya jinzi ya mtumba inatosha kabisa ikiwa miguu yake ni mirefu. Kaki na drili pia ni nzuri.

Kutayarisha kiini

Kata bomba kwa msumeno wa chuma, kisha lainisha midomo kwa msasa mpaka kidole kisihisi ukali wowote. Lisugue bomba zima kwa msasa ili ule mng'ao utoke, maana gundi haishiki kwenye plastiki inayong'aa.

Sasa uzito. Nondo ya milimita 12 ina gramu 888 kwa mita, kwa hiyo kipande chetu kinaongeza zaidi kidogo ya gramu 100. Kizungushie tepu mpaka kiingie kwenye bomba kwa kubana, kisukume kwenye upande wa mpini, kiishie ndani kidogo ya mdomo. Mimina juu yake gundi ngumu ile ya kuchanganya vichupa viwili, subiri ikauke, halafu gundisha kizibo, ila kwanza soma sehemu ya kikingio hapo chini, maana vipande vyake hupitia upande huu. Usiiruke hatua ya kizibo. Nondo ikiponyoka katikati ya pigo ni risasi inayoruka uwanjani. Ukitumia henzirani, achana na nondo, kwa kuwa henzirani haina tundu na uzito wake unatosha.

Bila hiyo nondo, mizani ya upanga huu, yaani mahali unapotulia ukiuweka juu ya kidole, hukaa zaidi ya sentimita 25 mbele ya kikingio, na mkono unachoka kwa kuburuta. Nayo ikiwemo, mizani inarudi kwenye sentimita 20 au pungufu kidogo. Panga za chuma hukaribia mkono zaidi ya hapo, lakini tofauti utaihisi siku ya kwanza: pigo linaanza haraka na linasimama unapotaka lisimame.

Gundisha kizibo cha pili upande wa ncha. Kisha zungusha tepu yenye nyuzi kuanzia ncha mpaka kwenye kikingio, tabaka moja lililopandana nusu kwa nusu. Siku bomba likivunjika, na litavunjika siku moja, tepu hii ndiyo itakayovishika vipande visitoke nje.

Kujenga ubao

Fanya kazi hii nje au kwenye kibaraza chenye upepo, mbali na jiko la mkaa na sigara. Mvuke wa gundi ya viatu unalevya na unashika moto.

Kutoka kwenye mkeka wa milimita 10, kata vipande vinne vya upana wa milimita 25 na urefu wa sentimita 72, na viwili vya upana wa milimita 70 kwa urefu huohuo. Tumia wembe mpya. Wembe butu unachana sponji na kuacha meno.

Gundisha vile vinne viwili-viwili upate mihimili miwili yenye unene wa milimita 20, sawa na bomba. Hii mihimili ndiyo makali. Paka gundi kwenye bomba na kwenye mihimili, pande zote mbili zinazokutana, kisha ngoja mpaka ukigusa kwa kidole isivutike uzi. Kwenye kiangazi ni kama dakika 10 au 15. Wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu, ngoja zaidi, na kama mvua inanyesha kweli acha mpaka kesho, kwa sababu unyevu unatua juu ya gundi na kuifanya isishike. Bana mhimili mmoja kila upande wa bomba. Ukishagusanisha hakuna kuhamisha, basi anza kwenye kikingio ukienda taratibu kuelekea ncha. Kizibo cha ncha ni kinene kuliko bomba, kwa hiyo chimba mihimili kidogo mahali kinapolala.

Mihimili inapita mwisho wa bomba kwa sentimita 6 na kuacha uwazi katikati. Kabla ya kuujaza, kata duara la soli ya ndala pana kuliko kizibo na uligundishe juu ya kizibo. Kazi yake ni kutawanya nguvu ili bomba lisijichimbie njia ndani ya sponji. Baada ya hapo jaza uwazi kwa vipande laini vya mkeka, halafu funika pande zote mbili kwa vile vipande vipana. Ubao umeshapata bapa. Punguza kona nne kwa wembe, kisha kwa msasa, mpaka umbo liwe kama yai lililobonyezwa.

Ncha

Ukiacha ncha ilivyo, ina milimita 70 kwa upande mmoja na 40 kwa mwingine, na milimita 40 inaweza kuingia kwenye tundu la jicho. Ncha inayogusa mtu haipaswi kupungua sentimita 6 na nusu kwa upande wowote. Ongeza basi mashavu ya sponji kwenye bapa zote mbili, milimita 15 kila upande, yenye urefu wa sentimita 8, mpaka ncha iwe karibu duara la sentimita 7. Haipendezi macho, lakini jicho la mwenzako lina thamani kuliko umbo.

Hata hivyo, ncha nene haimpi mtu ruhusa ya kuchoma uso usiokuwa na barakoa. Miwani ya mafundi haitoshi. Kama kundi lenu halina barakoa za waya, fuateni desturi ya wale Wajerumani wa Meyer: kata, usichome. Na kichwa kisiwe shabaha kabisa.

Kikingio, mpini na kitako

Chukua soli tatu za ndala, kata vipande vyenye urefu wa sentimita 18 na upana wa 5, toboa tundu katikati dogo kidogo kuliko bomba, uvipitishe kwa nguvu kutokea upande wa mpini mpaka vikae kwenye mwisho wa ubao. Ukiona kizibo cha mpini kinazuia, vipitishe kabla ya kukigundisha. Gundisha vyote vitatu pamoja, miisho miwili ikielekea sawasawa na makali. Chini yake kaza ukanda wa tyubu ya baiskeli mizunguko mingi ili visishuke. Kikingio cha soli kinapinda kikigongwa na kinarudi. Cha mbao kinapasua kidole.

Mpini usiwe wa duara. Gundisha ukanda mwembamba wa soli au ngozi upande wa makali ya mbele na mwingine wa nyuma, ili ukishika vidole vikuambie makali yako wapi hata gizani. Juu yake zungusha kamba ya pamba kwa kukaza. Watu hupenda kufunga mpira wa tyubu kwenye mpini mzima kwa kuwa unanata. Kwa joto la hapa na jasho la Februari, mpira unateleza na pamba inashika. Kitako kifungie sponji na uifunike kitambaa. Kupiga kwa kitako hakuruhusiwi, ila mgongano wa karibu huja bila kupanga.

Kufunika

Usifunike ubao kwa tepu. Tepu inaifanya sponji iwe ngumu, inaongeza uzito kwenye ncha, na jua likiipiga inavuja gundi na kuchafua nguo. Kata kitambaa chenye upana wa sentimita 25 na urefu wa sentimita 82, mpelekee fundi cherehani akishone kama mfuko mrefu wenye ncha ya mviringo. Mwambie mshono upite kwenye bapa, kwa sababu mshono ulio kwenye makali unachuna ngozi. Mwambie pia ashonee ukanda mwembamba wa rangi kwenye makali yote mawili, kwa mfano mwekundu juu ya jinzi ya bluu. Mwamuzi ataona pigo lililopiga kwa makali na lile lililopiga kwa bapa, na mjadala utapungua. Paka sponji poda ili kitambaa kiteleze, vuta mpaka chini, funga kwa kamba kwenye kikingio. Mfuko ukichafuka unauvua na kuufua.

Kabla ya kumpiga mtu

Bonyeza makali kwa dole gumba, kuanzia juu hadi chini. Mahali popote unapolihisi bomba, sponji haitoshi, ongeza. Tikisa upanga karibu na sikio: ukisikia kitu kinacheza, nondo imelegea, fungua upya. Piga godoro lililosimamishwa kwa nguvu zako zote mara hamsini hivi, kisha chunguza tena. Mwisho jipige paja mwenyewe, kwa nguvu ileile unayokusudia kumpiga mwenzako. Ukikunja uso, upanga huo haujawa tayari.

Uwanjani anzeni na glavu, hata za kuendeshea pikipiki, na wanaume wavae kinga ya sehemu za siri. Mkifanyia mazoezi kwenye kiwanja cha mtaa, mtaarifuni mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema, na mkipanda daladala wekeni panga ndani ya mfuko mmoja mrefu. Watu wakiuliza, waonyesheni. Wazee wanaotoka Lamu au Zanzibar wataelewa upesi, maana kirumbizi, mchezo wa kupigana kwa bakora, pamoja na ngoma na zumari, wamekiona arusini, na wengine watakusahihisha miguu kabla hujawaomba.

Kwa wanaotaka silaha ya pwani yetu wenyewe, upanga ulionyooka wa Kiomani unatengenezwa kwa mwongozo huuhuu na ni rahisi zaidi: hauna kikingio, mpini wake ni mrefu na wa mviringo, ncha yake ni butu. Ongeza sentimita 4 kwenye mpini, acha hatua ya soli tatu, na tengeneza ngao ndogo ya duara kwa kipande cha dumu la plastiki kilichovishwa mkeka. Kwa kuwa hakuna cha kuilinda ngumi, ngao ndiyo inayofanya kazi hiyo, na glavu zisikosekane.

Kuutunza

Usiuache ndani ya gari lililoegeshwa juani wala chini ya bati. PVC inalegea kwa joto kali na inapinda, halafu jua la muda mrefu linaifanya iwe dhaifu kama gamba la yai. Utundike kwa kamba au uulaze chini, usiuegemeze kwenye kona. Kabla ya kila zoezi rudia kipimo cha dole gumba, na usikilize: bomba lililopasuka ndani lina mlio mkavu tofauti na wenzake. Upanga wenye mlio huo unatolewa uwanjani saa hiyohiyo, hata kama pambano ni zuri. Sponji ya makali hulainika mapema kwenye theluthi ya mbele, ndiko mapigo yanakotua. Ikifika hapo, fungua mfuko, bandua mhimili mmoja, gundisha mwingine, na kiini kilekile kikiwa kizima kinaendelea.